Jinsi ya kumjua mrushaji aliyewaka kweli kwenye msimu wa MLB (usidanganywe na W)

Mwaka 2018 Jacob deGrom, mrushaji wa New York Mets kwenye MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, alimaliza msimu na ushindi 10 na vipigo 9. Ukiisoma hivyo tu utasema huyu jamaa wa kawaida, lakini huyohuyo ndo alibeba tuzo ya Cy Young, yaani ya mrushaji bora, ya National League (MLB ina ligi mbili ndani yake, hii na American League), ERA 1.70 (pointi anazobebeshwa kwa kila iningi tisa, ndogo ndo nzuri), iningi 217 (iningi ni zamu ya kupiga mpaka watu watatu watolewe), straikauti 269 (mpigaji anatolewa kwa straiki tatu), na alicheza mechi 29 mfululizo bila kuruhusu zaidi ya pointi tatu. Timu yake tu ndo haikuwa inamfungia. Mi nilipoanza kufuatilia besiboli nilikuwa naangalia hizo W (ushindi) na L (kipigo) tu, kwa hiyo msimu mzima ungeweza kunipita nisijue kwamba naangalia mrushaji bora wa mwaka ule, na inaniuma mpaka leo nikifikiria mechi ngapi za watu wa hivyo nimezipita tu. Ndo maana naandika hii, ili ujue kumtambua mapema, Aprili na Mei huko, sio unangoja Novemba tuzo zitangazwe.

Kitu cha kwanza kabisa, ziba W kwa kidole. Namaanisha kweli, ukifungua takwimu za mrushaji weka kidole juu ya W na L, soma vingine vyote, ukimaliza ndo utoe. W anapewa mrushaji aliyekuwa kwenye gemu wakati timu yake inachukua uongozi ambao haukupotea tena, na kama ndo aliyeanza mechi lazima awe amemaliza iningi tano, sasa hapo hesabu mwenyewe mambo mangapi hayamhusu, wapigaji wake wamefunga ngapi, walioingia baada yake wamelinda au wamebomoa, kocha kamtoa saa ngapi. Félix Hernández wa Seattle mwaka 2010 alikuwa 13-12, ushindi 13 na vipigo 12, na bado wakampa Cy Young kwasababu ERA yake ilikuwa 2.27 kwenye iningi 249 na ushee, wakati CC Sabathia wa Yankees alikuwa na ushindi 21 na hakupata. Na 2025 Paul Skenes wa Pittsburgh kamaliza 10-10 kabisa, nusu kwa nusu, ERA 1.97, na wapiga kura wote bila kubaki hata mmoja wakamweka namba moja National League. Kwa hiyo hata wanaopiga kura siku hizi wanaziba kwa kidole.

Haya sasa, mstari wenyewe. Kila mechi ikiisha mrushaji anapata mstari mmoja wa namba, IP, H, R, ER, BB, SO, HR, na mara nyingi pembeni wanaandika idadi ya mipira aliyorusha na mingapi ilikuwa straiki, yaani imepita ndani ya zoni, lile eneo halali mbele ya mpigaji, au mpigaji kaipigia. IP ni iningi alizorusha na hapa wengi wanakosea, 6.1 sio sita na sehemu moja ya kumi, ni iningi sita na auti moja (mpigaji mmoja katolewa), 6.2 ni sita na auti mbili, 6.3 haipo maana auti ya tatu inafunga iningi. H ni hiti alizopigwa, yaani mpigaji kapiga mpira akafika salama kwenye besi, vile vituo anavyozunguka kutafuta pointi. R ni pointi zote zilizoandikwa kwake, ER ni zile anazobebeshwa yeye mwenyewe, yaani ukitoa zilizotokana na makosa ya wadakaji wake. BB ni woki, amerusha mipira minne nje ya zoni mpigaji akatembea bure mpaka besi ya kwanza. SO au K ni straikauti. HR ni homurani alizopigwa, mpigaji anapiga mpira mbali kiasi cha kuzunguka besi zote na kufunga.

ERA ni ER mara 9 gawa kwa iningi, basi. deGrom 2018 alibebeshwa pointi 41, 41 mara 9 ni 369, gawa kwa 217 unapata 1.70. Fanya hii hesabu mara mbili tatu kwa mkono wako mwenyewe, baada ya hapo ukiona 2.40 au 4.80 unaihisi kabisa bila kufikiria.

Ila kama unataka kujua mechi moja, sio msimu, ilikuwa kubwa kiasi gani, jifunze Gemu Skoa ya Bill James, yule mtu wa takwimu za besiboli. Ni rahisi mno. Anza na 50. Kila auti ongeza 1. Kila iningi aliyoimaliza kuanzia ya tano ongeza 2. Kila straikauti ongeza 1. Halafu toa 2 kwa kila hiti, toa 4 kwa kila pointi anayobebeshwa, toa 2 kwa pointi ya makosa ya wenzie, toa 1 kwa kila woki. Ikifika 50 alikuwa wa kawaida, 70 siku nzuri, 85 kuendelea mpigie simu rafiki yako, 100 ni kitu ambacho misimu mingine inapita bila kuonekana.

Tuchukue mechi yenyewe tuifanye pamoja. Mei 6, 1998, Wrigley Field, Chicago. Kerry Wood wa Cubs, umri miaka 20, mechi yake ya tano tu kuanza kwenye ligi kuu, anacheza na Houston Astros ambao sio timu ya mchezo, msimu ule walishinda mechi 102. Dogo akawapiga straikauti 20. Hakutoa woki hata moja, alimgonga mpigaji mmoja na mpira, na hiti aliyoruhusu ni moja tu, Ricky Gutiérrez iningi ya tatu, mpira ulipita ukigusa glavu ya Kevin Orie kwenye besi ya tatu na mpaka leo kuna watu wanasema lile lilikuwa kosa la mdakaji na sio hiti. Sasa hesabu. 50 ya kuanzia. Auti 27 inakuwa 77. Iningi ya tano mpaka ya tisa ni tano, mara 2 ni 10, inakuwa 87. Straikauti 20, inakuwa 107. Toa 2 ya ile hiti. 105. Hiyo ndo ilikuwa mechi yake ya TANO. Watu waliowahi kufikisha straikauti 20 ndani ya iningi tisa ni wachache mno, Roger Clemens mara mbili 1986 na 1996, Wood, Randy Johnson 2001 na Max Scherzer 2016.

Nilivyoanza kufanya hii hesabu ndo nikagundua kwamba no-hita zote hazifanani. No-hita ni mechi nzima bila kuruhusu hiti hata moja na kila mtu anaichukulia kama kilele, sawa, ni kubwa, lakini angalia mbili hizi. Juni 25, 2010, Edwin Jackson wa Arizona alipata no-hita dhidi ya Tampa Bay, alirusha mipira 149 na kutoa woki 8, straikauti 6. Gemu Skoa 85. Juni 18, 2014, Clayton Kershaw wa Dodgers dhidi ya Colorado, straikauti 15, woki sifuri, mtu pekee aliyefika besi alifika kwa kosa la Hanley Ramírez iningi ya saba. 102. Zote mbili zimeandikwa no-hita kwenye vitabu, zote mbili zina heshima yake, na mwanaume aliyerusha mipira 149 mimi namvulia kofia kwa moyo ule, lakini ukiniuliza ipi ilikuwa ya mrushaji aliyewaka jibu unalo. Na kumbuka mechi ya Wood ilikuwa na hiti, kwa hiyo haimo kwenye orodha ya no-hita kabisa, na bado kwa hesabu hii inazipita zote mbili.

Tena no-hita ina bahati ndani yake, lazima ukubali. Johan Santana, Juni 1, 2012, ndo aliwapa Mets no-hita yao ya kwanza tangu timu ianzishwe 1962, nusu karne wanasubiri. Iningi ya sita Carlos Beltrán wa St. Louis alipiga mpira ukaangukia kwenye chaki ya mstari, refa akasema uko nje, marudio yalionyesha uligusa. Refa angesema uko ndani isingekuwepo. Na upande wa pili wa bahati hiyohiyo ni Armando Galarraga wa Detroit, Juni 2, 2010, kashawatoa watu 26 mfululizo, wa 27 Jason Donald anakimbilia besi ya kwanza, anatolewa waziwazi kabisa, refa Jim Joyce anasema yuko salama. Pafekti gemu imeyeyuka. Joyce baadae aliona marudio akakubali kakosea, akaomba radhi na machozi, na Galarraga akampokea vizuri. Mi nikihesabu misimu mikubwa nawahesabu wote wawili, Santana na Galarraga, sijali kitabu kimeandika nini.

Pafekti gemu kama hujui ni pale ambapo hakuna mpigaji anayefika besi kwa njia yoyote, sio hiti, sio woki, sio kosa, 27 wamekuja 27 wamerudi kukaa. Kwenye historia yote ya ligi kuu zipo 24, na mwaka 2012 peke yake zilitokea tatu, Philip Humber Aprili, Matt Cain Juni, Félix Hernández Agosti. Ya karibuni ni ya Domingo Germán wa Yankees Juni 2023.

Halafu kuna hii wanaita kwoliti stati, iningi sita au zaidi na pointi za kubebeshwa tatu au pungufu. Usiitegemee sana. Mtu akipiga sita na tatu kila mara ERA yake ni 4.50, na hiyo haiwezi kuwa moto.

Sasa macho, maana namba zinakuja baada ya mechi na raha yenyewe iko wakati mechi inaendelea. Kutoka kituta cha mrushaji mpaka pleti, pale aliposimama mpigaji, ni mita 18.44, fastiboli (mpira wa kasi) ya km 160 kwa saa inafika chini ya nusu sekunde, kwa hiyo ukikodolea mpira wenyewe hutaona kitu. Mwangalie kecha, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji. Kabla mpira haujarushwa anaweka glavu mahali, tuseme kona ya chini ya nje. Mpira unafika, je glavu imehama? Kama haihami, au inahama kidogo tu, mrushaji ana uwezo wa kuweka mpira anapotaka leo na hata kama ni iningi ya pili tu kaa vizuri kwenye kiti. Kama kecha anajirusha huku na kule, hata kama ubao unasoma sifuri, moto huo hautafika mbali. Greg Maddux ndo alikuwa mfalme wa hii, hakuwa na spidi ya kutisha lakini glavu ilikuwa inakaa palepale, ERA 1.56 mwaka 1994 na 1.63 mwaka 1995, na Julai 1997 alimaliza mechi nzima ya iningi tisa dhidi ya Cubs kwa mipira 76 tu. Mpaka leo mtu akimaliza mechi nzima na klinishiti, yaani bila kuruhusu pointi, kwa mipira pungufu ya 100 wanaiita Maddux.

Ukishamwangalia kecha mwangalie mpigaji, hasa magoti na mikono yake. Magoti yakilegea wakati mpira unapita katikati ujue alitegemea kitu kingine, kaviboli (mpira unaopinda na kudondoka) ilianzia usawa wa kichwa chake ikadondoka kwenye zoni. Akizungusha gongo wakati mpira ushaingia kwenye glavu fastiboli inamzidi, akizungusha mapema mno na mwili umeshatangulia mbele basi hiyo ni chenjiapu, mkono wa mrushaji umekwenda kwa nguvu ileile ila mpira umechelewa. Ukiona yote matatu ndani ya iningi moja kwa wapigaji watatu tofauti, huyo mtu ana silaha zote siku hiyo na wao hawana la kufanya. Pia sikiliza mpira ukipigwa unatoa sauti gani, auti za mipira dhaifu inayobiringika chini ni za mrushaji, auti za mipira iliyopigwa kwa nguvu ikamfuata mdakaji mkononi hizo ni za kushukuru Mungu.

Na usiwahi kutangaza kabla ya mzunguko wa tatu. Wapigaji ni tisa, kwa hiyo mpigaji wa 19 ni yuleyule wa kwanza anakuja mara ya tatu, ashaona slaida yako (mpira unaopinda pembeni), ashaona chenjiapu yako, na mkono wako umechoka, mipira inakaribia 80 au 90. Kwa kawaida wapigaji wanafanya vizuri zaidi kila wanavyorudi, ndo maana makocha siku hizi wanamtoa mtu hapohapo hata kama anaendelea vizuri. Mrushaji anayewapiga straikauti walewale mara ya tatu kwa mpira tofauti na aliowapigia mara ya kwanza, huyo andika jina lake. Pedro Martínez Septemba 10, 1999 pale Yankee Stadium, Chili Davis alimpiga homurani iningi ya pili, Yankees wakawa mbele 1-0, na kuanzia hapo hakuna hiti nyingine kabisa mpaka mechi inaisha, straikauti 17, woki sifuri, na wale Yankees ndo mabingwa wa 1998 na walikwenda kubeba tena 1999. Fanya Gemu Skoa yake mwenyewe, utapata 98.

Kuna kitu kimoja bila hicho utalinganisha vibaya, nacho ni mazingira, na hapa nitakaa kidogo maana ndo mabishano mengi yanazaliwa. Bob Gibson wa St. Louis mwaka 1968 alikuwa na ERA 1.12, iningi 304, klinishiti 13. Pedro mwaka 2000 akiwa Boston alikuwa na 1.74. Ukisoma hivyo Gibson kamshinda mbali. Lakini 1968 warushaji wote walikuwa wanatesa, kituta kilikuwa na urefu wa inchi 15, ERA ya National League nzima ilikuwa 2.99, mpaka msimu uliofuata ligi ikashusha kituta mpaka inchi 10 na kupunguza zoni ya straiki ili wapigaji wapumue. Mwaka 2000 American League ni kinyume, homurani zinanyesha, ERA ya ligi nzima 4.91, na mtu wa pili nyuma ya Pedro alikuwa Roger Clemens na 3.70. Wa PILI ana 3.70! Gawa ERA ya ligi kwa ERA ya mtu, Gibson unapata kama 2.7, Pedro kama 2.8. Hiyo hesabu haijaweka viwanja, ukiweka na viwanja pengo linaongezeka kwa Pedro. Msimu ule kwenye iningi 217 alitoa hiti 128 na woki 32, jumlisha gawa unapata watu 0.74 wanaofika besi kwa kila iningi na hakuna mwingine aliyewahi kushuka hapo kwa msimu mzima. Kwangu mimi ndo msimu bora kuliko yote na sijaona hoja ya kunitoa hapo, ila Gibson namheshimu kwa iningi zake, 304 leo hakuna hata anayezikaribia.

Viwanja navyo. Coors Field ya Denver iko juu kama mita 1,600, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali na kaviboli haikatiki vizuri, kwa hiyo mtu akipiga iningi saba pale na pointi mbili ujue kafanya kazi kubwa kuliko namba inavyosema. Hideo Nomo alipata no-hita pale Septemba 17, 1996, usiku wa mvua, na hakuna mwingine aliyerudia kwenye uwanja ule.

Warushaji wanaoingia mwishoni wana hesabu yao tofauti, Gemu Skoa haiwahusu. Waangalie kama walipoteza uongozi waliokabidhiwa. Zach Britton wa Baltimore 2016 alikabidhiwa mara 47 akalinda zote 47, ERA 0.54, halafu mechi ya mtoano na Toronto ikafika iningi 11 na hakuitwa hata mara moja, timu ikatolewa yeye yuko palepale benchi la warushaji. Bado inanikera.

Mwisho, tafuta daftari. Anayeanza mechi anarusha kila baada ya siku tano au sita hivi, kwa hiyo mmoja kwa msimu ni mechi 30 na kidogo, ukichagua warushaji wanne watano haizidi kurasa chache. Kila mechi mstari mmoja, tarehe, mpinzani, uwanja, halafu IP-H-R-ER-BB-SO, mipira, Gemu Skoa. Pembeni acha nafasi ya maneno mawili matatu ya kitu ulichokiona kwa macho. Usimpe mtu msimu bora kabla hajafikisha iningi 162, hiyo ndo idadi ligi inayotaka ili aingie kwenye kushindania ERA. Na chora mstari chini ya iningi zisizo na pointi zinavyofuatana, hapo ndo utaona mtu anaanza kuwaka kabla ya wengine kushtuka, Orel Hershiser wa Dodgers mwaka 1988 alizifikisha 59 mfululizo hivyohivyo, mechi baada ya mechi.

Mstari wangu wa Mei 25, 2025 unasomeka hivi: Tarik Skubal wa Detroit, mpinzani Cleveland, nyumbani, 9-2-0-0-0-13, mipira 94, Gemu Skoa 96. Pembeni nimeandika, mpira wa 94, maili 102.6 kwa saa, straikauti.